Kwa wanangu mnaokuja Moshi Krismasi hii

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Dodoma na hata ng'ambo,

Nawasalimu kutoka Marangu. Najua wiki hizi mnahangaikia tiketi pale stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, na wenye magari mnakagua matairi. Watani zenu wa mjini wanasema Wachagga mnakwenda kuhesabiwa. Waacheni waseme. Mimi moyo wangu hufurahi nikiona taa za magari zikipanda kutoka Himo, maana kuna nyumba huku ambazo madirisha yake hufunguliwa Desemba tu.

Nina neno moja kwenu, nalo nawaomba mlisome kabla hamjafunga mizigo. Mkija kumshukuru Mungu kwa mwaka unaoisha, shukrani za wanadamu zianze kwa yule aliyebaki nyumbani.

Kila ukoo una mtu huyo. Kwa mila zetu mara nyingi ni kitinda mimba, ambaye nyumba ya baba humwangukia yeye, pamoja na mkewe. Kwingine ni binti, kwingine mjukuu. Ninyi mkifika tarehe 24 mnakuta mbege, pombe yetu ya ndizi, iko tayari, mnapokea kata, mnaisifu. Siku nyingi kabla ya hapo kuna mtu alikata mikungu akaivundika, ndizi zilipoiva akazimenya, akazichemsha mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke. Ulezi akauloweka mpaka ukachipua, akauanika, akausaga, akaupika uji, akachanganya. Msesewe, lile gome chungu la mti, nao akautafuta ili ule uchungu ukae sawa. Na hiyo ni kazi ya sikukuu tu. Mwaka mzima ng'ombe wa bandani hali mpaka aletewe, na majani mengi hutoka kule chini tambarare, yakapandishwa huku kichwani. Mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, ukibomoka, yeye ndiye anayetoka na jembe pamoja na majirani. Mama akizidiwa usiku, yeye ndiye anayekwenda kumgongea kijana wa bodaboda.

Kisha Krismasi inafika, na huyo huyo ndiye anayetumwa maji, kuni na kuchuna mbuzi. Picha ya familia inapigwa, mkewe yuko jikoni. Jambo hili linaniuma sana. Anayetuma pesa kila mwezi hutajwa kwenye sala ya chakula, na ni haki yake, kwa sababu pesa hizo ndizo zinazonunua dawa. Lakini upo mkono unaompa mzee dawa hiyo kila usiku, na kumgeuza kitandani, na kumfulia mashuka. Mkono huo nao utajwe.

Basi mwiteni sebuleni, akae, na mkewe akae. Mwambieni mbele ya watoto wenu, tena kwa kuitaja kazi yenyewe: asante kwa kumwogesha baba, asante kwa kulala hospitali na mama. Halafu mwulizeni hali yake, mnyamaze, mmsikilize mpaka amalize. Huenda ana deni la ada. Huenda amechoka tu, na anataka wiki moja ya kwenda kumtembelea shemeji yake huku ninyi mkishika zamu. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko shati.

Majirani msiwapungie mkono kutoka garini. Hao ndio wanaotuchimbia makaburi na kutupikia msibani ninyi mkiwa bado njiani. Nendeni kwa miguu, mketi nao, mwite kila mmoja kwa jina lake.

Na jioni moja angalau, zimeni televisheni, wekeni simu kando, mkae na wazee pamoja na watoto. Ulizeni makaburi yaliyopo kihambani, katika shamba la ukoo, ni ya nani. Ulizeni nani alipanda mibuni ile mnayotaka kuing'oa. Kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, iliwasomesha wengi wa baba zenu, nao wanakumbuka gunia kwa gunia. Hawatawasimulia wenyewe, maana wanaona mna haraka.

Kuna wengine kati yenu mnakuja na jambo moyoni. Mmenuniana na ndugu kwa ajili ya mpaka au fedha, na mnangojea kikao cha ukoo mkatoane aibu mbele za watu. Msingojee kikao. Isale, lile jani letu la kuombea radhi, limeota pale pale mpakani. Chuma jani, nenda nalo kwa ndugu yako, ukaombe radhi kama wazee wetu walivyofanya. Aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Fanyeni hivyo mapema, mbuzi akiwa bado hajachinjwa, ili siku yenyewe mle nyama kwenye meza moja.

Bibi yenu,
Marangu