Familia za watoto wenye matatizo ya kihisia zisiachwe peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo majirani wengi wanalijua lakini hulisemea pembeni, nalo ni hali ya wazazi wanaolea watoto wenye matatizo makubwa ya kihisia: watoto wanaojiumiza, wanaonyamaza kwa siku nyingi, wanaoshikwa na hofu au hasira isiyozuilika, na ambao walimu wameshindwa kukaa nao darasani. Tukiwazungumzia, tunamtazama mtoto, na ni mara chache tunamtazama anayemlea, ambaye kwa kawaida ni mama au bibi yake.

Nimefundisha shule za msingi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa miaka mingi, na nimeona jinsi nyumba ya namna hiyo inavyotengwa. Kwanza watoto wa jirani wanakatazwa kwenda kucheza huko. Kisha mama anaacha kuhudhuria kikundi cha akiba kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, na akikosa mikutano kadhaa anaondolewa, hata siku ya kwenda hospitali inapofika hana pa kukopa nauli. Ndugu wa mume huanza kuulizana balaa hilo limetoka ukoo gani, na mbuzi ambaye angeuzwa ili kugharimia matibabu anapelekwa kwa mganga wa kienyeji. Sisemi hivyo kuwadharau wanaotafuta msaada katika imani. Shehe na mchungaji ndio mara nyingi wanaobisha hodi kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakimwambia mzazi aendelee na matibabu huku akiomba, husikilizwa kuliko mganga wa zahanati.

Huduma za kitaalamu zipo, ingawa kwa wengi wetu ziko mbali. Hospitali ya Butabika jijini Kampala ina wodi ya watoto na vijana, na hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Mbale, zina vitengo vya afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, inataka matibabu haya yapatikane hadi katika vituo vya afya ya msingi. Lakini hata sheria hiyo ikitekelezwa yote, mtaalamu atamwona mtoto kwa muda mfupi, kisha mzazi atarudi naye nyumbani kukesha usiku kucha, na hapo ndipo sisi majirani tunapohitajika.

Nchi yetu ina ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kubeba sehemu ya mzigo huu. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka, watu wazima wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio wataalamu wa afya ya akili waliopewa mafunzo ya wiki mbili tu. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo. Mzazi wa mtoto anayejikata mikono si lazima awe na sonona, lakini anahitaji kitu kilekile: mahali pa kusema ukweli bila kuhukumiwa, mbele ya watu wanaoishi maisha kama yake.

Kwa hiyo napendekeza kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, iwe na kikundi cha wazazi hawa, kikisaidiwa na wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, ambao tayari wanazijua nyumba zote. Wakati wazazi wanakutana, watu wawili au watatu waliofundishwa, na wanaoaminiwa na watoto, wabaki na watoto hao karibu na hapo. Bila hilo kikundi hakitadumu, kwa kuwa anayehitaji msaada zaidi ndiye asiyeweza kutoka nyumbani.

Fedha pia zisisahauliwe. Mpango wa Maendeleo wa Parishi, uliozinduliwa mwaka 2022, hukopesha kaya shilingi milioni moja kupitia vikundi vya wazalishaji, na mama aliyekwisha kuondolewa kikundini hukosa pia mlango huo. Wenyeviti wa LC I, yaani mabaraza ya vijiji, wahakikishe kwamba mlezi wa mtoto mgonjwa anaweza kuwakilishwa na ndugu katika mikutano, na kwamba kukosa kikao kwa sababu ya mtoto hakumfuti katika orodha.

Nawaomba madiwani wa wilaya yetu watenge, katika bajeti inayoanza Julai, fedha za mafuta ili wauguzi wa afya ya akili wafike katika vituo vya afya vya daraja la tatu angalau mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana na isiyobadilishwa. Nawe Mhariri, siku hizo zikipangwa, tafadhali zichapishe pamoja na jina la kila kituo.

Mwalimu mstaafu,
Tororo