Barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Moshi, kuhusu ufunguo wa gari

Shemeji, shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu tutaishia kutaniana tu, na safari hii sitanii sana. Halafu mashemeji wa aina yako wamejaa kuanzia Kiborloni hadi huku kwetu Sakina. Wacha nao wasome.

Mdogo wangu ameniambia umemkatalia kujifunza gari. Eti barabara ni hatari, yeye ana roho nyepesi, na kwani wewe si upo, utampeleka anakotaka? Sikatai, ule mteremko wa daraja la Kikavu umeshaliza watu wengi. Ila nieleze jambo moja. Siku ya kufungua belo la mitumba pale soko la Memorial, mkeo anatoka alfajiri juu ya bodaboda, furushi la nguo mapajani, kofia ngumu hana, anaendeshwa na kijana ambaye hata jina lake hulijui. Huyo umemwamini. Mkeo mwenyewe, ndani ya gari lenu la IST, mkanda kifuani, ndiye humwamini.

Saudi Arabia walipiga hesabu hiyohiyo kwa miaka mingi. Mwanamke hakupewa leseni, kisa analindwa heshima yake. Basi familia zenye uwezo zikaajiri madereva wanaume kutoka nchi za nje, na mama mwenye nyumba akawa anazungushwa mjini na mwanaume asiye ndugu yake. Hilo halikuwa tatizo, mradi usukani hajaushika yeye. Tarehe 6 Novemba 1990 wanawake 47 walipanda magari pale Riyadh na kuyaendesha wenyewe. Walikamatwa, pasipoti zao zikachukuliwa, na waliokuwa na kazi serikalini wakasimamishwa. Mwaka 2011 Manal al-Sharif akajirekodi akiendesha mjini Khobar, akaiweka video YouTube; akalala ndani siku tisa. Mwaka 2013 sheikh mmoja wa huko akaja na mpya: kuendesha gari kunaharibu ovari. Nikikumbuka akina mama wa hapa Arusha wanaoshusha watoto shuleni asubuhi, watatu kiti cha nyuma na wa nne tumboni, nacheka peke yangu.

Angalia hizo sababu zinavyobadilishwa kama nguo. Zamani kule Marekani na Ulaya iliyotumika sana ni nguvu: gari lilikuwa linawashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono. Mwaka 1912 Cadillac wakatoa gari la kuwashwa kwa umeme. Hendeli ikaondoka, ila maneno hayakuondoka nayo, yakahamia kwenye akili na woga. Wewe na mimi tumepita kwenye kipilefti cha YMCA, gari mbele yetu likazima, ukasema "lazima ni mwanamke huyo." Tulipolipita nilikuonyesha dereva. Mzee mwenye sharubu.

Na ukitaka kujua nani alifungua njia ya safari ndefu za gari, ni mwanamke, tena aliyeondoka bila kuaga. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari alilobuni mumewe Carl, akapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda kwao Pforzheim. Ni zaidi ya kilomita 100. Moshi hadi Arusha haifiki huko. Vituo vya mafuta havikuwepo, akanunua kwa mfamasia mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zikaanza kulika, fundi viatu akazivika ngozi. Milimani wale watoto walishuka wakasukuma, na ndiyo maana baadaye gari likaongezewa gia ya kupandia. Siku ukipandisha Kibosho kwa gia namba moja, mkumbuke huyo mama. Tena biashara ya Carl ilisimama kwa fedha ambazo Bertha alipewa kwao wakati wa kuolewa.

Hilo la fedha nalitaja makusudi. IST hiyo nusu yake ni mgao wa vikoba vya mdogo wangu, na tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali sawa na mwanaume. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 nayo inataka umri na uwezo wa kuendesha. Saini ya mume sijaiona humo.

Saudi Arabia waliruhusu tarehe 24 Juni 2018. Lakini mwezi mmoja kabla, wanawake waliopigania jambo hilohilo walikuwa wameanza kukamatwa. Mmoja wao, Loujain al-Hathloul, alitoka gerezani Februari 2021, wenzake wameshazoea kuendesha. Ruhusa ilitangazwa kama zawadi ya mfalme, na walioidai wakawekwa mbali isije ikaonekana wameipata kwa kudai. Nakujua, shemeji. Ukishalainika utataka kumkabidhi ufunguo mbele ya wageni, upigwe picha. Usifanye hivyo.

Ada ya shule ya udereva ameshalipa mwenyewe, leseni ya kujifunzia anayo. Jumamosi nakuja Moshi nikae naye kiti cha pembeni akifanya mazoezi. Gari liache nyumbani, na mafuta yawemo. Kama una shughuli mjini, bodaboda wapo.