Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: kichwa cha sogeza kipimwe kwa hali yake

Mheshimiwa Waziri,

Kila kanuni za reli zinapoguswa, hoja moja hurudi mezani: vichwa vya sogeza, yaani vichwa vya treni vidogo vya kusogeza mabehewa, vya zamani viondolewe viwandani kwa kuwa vimezeeka. Nakuandikia nikiwa fundi wa dizeli, kukuomba hoja hiyo usiipitishe jinsi ilivyo. Sivitetei vyote. Vipo ambavyo ningevipeleka kwenye chuma chakavu kesho asubuhi.

Chukua SW1, kichwa cha sogeza cha EMD, kampuni ya kuunda vichwa vya treni, kilichoundwa Marekani kuanzia 1938 hadi 1953. Ina nguvu za farasi 600 tu, na dereva wa njia kuu ataicheka. Lakini kiwandani hakuna anayekimbia. Mabehewa machache yanasukumwa hadi kwenye mizani, yanasimama, yanarudishwa ghalani. Kazi hiyo inataka uzito wa kuyakandamiza magurudumu yasiteleze, na SW1 ina takriban tani 90. Dizeli yenyewe haizungushi magurudumu: inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota za umeme zilizo kwenye ekseli, na mota hizo huvuta kwa nguvu kubwa tangu gurudumu likiwa bado limesimama. Hakuna klachi ya kuungua.

Injini yake ni ya aina ya 567, namba inayotokana na inchi za ujazo za kila silinda, yaani lita 9 na ushei. Silinda na pistoni yake hutolewa na kurudishwa bila kuishusha injini. Na hapa ndipo kanuni ya umri inapokwama. Matoleo ya baadaye, kama 567C, hukubali silinda na pistoni za 645, injini iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Bloku ya zamani, matumbo mapya, mota zilizosukwa upya: utaandika umri upi kwenye cheti?

Moshi ni kweli, siupingi. Kanuni za Marekani za moshi wa vichwa vya treni kimsingi zinaanzia vilivyoundwa 1973, kwa hiyo vya kale zaidi vilivyobaki bila kuboreshwa havibanwi. California ilijaribu njia ya umri mwaka 2023, ikilenga kuvizuia vyenye miaka 23 na zaidi kuanzia 2030. Januari 2025 ikaliondoa ombi lake la idhini kwa serikali kuu. Mimi ningeanza na jambo dogo linaloudhi: injini kuachwa ikinguruma usiku kucha bila kazi. Kwenye baridi huachwa hivyo kwa sababu nyingi hutumia maji matupu, bila dawa ya kuzuia kuganda, na maji yakiganda bloku hupasuka. Hita ya umeme ya kupasha maji inamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo sana kuliko kununua kichwa kipya.

Kuna mahali umri una haki yake: nyaya. Mpira wa zamani ukilowa oili kwa miaka hupasuka, na moto huanzia hapo. Kwa hiyo agiza nyaya zipimwe kwa mita, unene wa magurudumu upimwe, breki za upepo zijaribiwe, na moshi ukaguliwe injini ikiwa imebeba mzigo. Kitakachoshindwa kiondoke, hata kama kiliundwa mwaka jana. Agiza pia redio kwa dereva na kwa mwenzake anayetembea chini akiunga mabehewa, kwa sababu boneti ndefu humficha mtu huyo, na hakuna rangi mpya inayobadilisha hilo.

Ombi la mwisho: kichwa kikihukumiwa kukatwa, mafundi wapewe kwanza nafasi ya kutoa mota, jenereta na silinda nzima. Vichwa vingine bado vinazihitaji.

Wako katika kazi,
Fundi wa vichwa vya sogeza