Kampuni ya bima iko London, sisi tuko Houston: italipa kweli?

Hili swali tunaulizwa sana hapa ofisini kwetu Houston, Texas, tunakouza bima, hasa na madereva: nimekatiwa bima ya lori, nafungua makaratasi naona Lloyd's ya London, sasa lori likipinduka hao Waingereza ntawapata wapi? Kuuliza ni vizuri, ila umbali sio shida. Marekani bima inasimamiwa na kila jimbo, sio serikali kuu (Bunge lilithibitisha hivyo kwa sheria ya McCarran-Ferguson, 1945), kwa hiyo kwa Texas hata kampuni ya jimbo lingine ni ya nje, kampuni ya bima ya State Farm yenyewe makao yake Bloomington, Illinois na sijaona mtu anaikimbia. Cha kuuliza ni hiyo kampuni imeingia Texas kwa mlango gani.

Mlango wa kwanza ni leseni ya Idara ya Bima ya Texas, yaani TDI. Kampuni ya hivi inakaguliwa hela zake, na ikifilisika kuna mfuko wa dhamana unaolipa madai ya wateja, mara nyingi kikomo ni dola 300,000 kwa dai moja.

Mlango wa pili ndio unaowachanganya watu. Kampuni haina leseni ya Texas lakini jimbo linaruhusu broka mwenye leseni maalum apeleke huko zile bima ambazo wenye leseni wanazikwepa, dereva mpya wa lori, klabu ya usiku, nyumba ya Galveston inayokaa njia ya vimbunga. Lloyd's wanaingilia hapa. Ni halali kabisa na mimi nawauzia watu, ila ujue ikifilisika ule mfuko haukuhusu, hapo inabaki nguvu ya kampuni yenyewe, ndo maana rating yake, yaani alama ya uwezo wake wa kulipa, tunaiangalia kabla hata ya bei. Utaitambua kwa maandishi ya lazima kwenye bima yenyewe yanayosema kampuni haina leseni ya jimbo hili, pamoja na kodi ya asilimia 4.85 ambayo unalipa wewe juu ya bei ya bima. Hiyo kodi sio broka anakuibia, inaenda jimboni.

Halafu msichanganye: ukiona State Farm Lloyds kwenye bima ya nyumba, hiyo ni ya hapahapa Texas, haina uhusiano wowote na London.

Wa tatu hana mlango, ni yule anayekutumia bima kwa WhatsApp, bei nusu ya wengine, ukimtafuta TDI hayupo. Huyo usimtumie hata senti.

Jina kamili la kampuni, sio la wakala, unaweza kulitafuta bure kwenye tovuti ya TDI. Kama Kiingereza cha makaratasi kinakuchosha, piga picha ukurasa wa kwanza na ule wenye mchanganuo wa malipo utuletee, tunakusomea kwa Kiswahili bila malipo hata kama bima hukukata kwetu.