Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora: kabla ya kibali, tuulizwe jua linazama upande gani

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia saa nne usiku nikiwa kwenye mkeka uani, maana ndani hakukaliki. Nimetoka sasa hivi kugusa ukuta wa magharibi wa chumba cha watoto. Jua limezama saa tatu zilizopita, lakini ukuta bado una moto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Wanangu wameacha kitanda, wamelala sebuleni, mashavu kwenye vigae.

Nyumba yenyewe ni ya kisasa, ya kuficha bati, yaani ukuta unapanda juu kulizidi paa. Ramani niliipata kwenye simu, nikaipenda kwa picha yake. Fundi akaisimamisha vilevile ilivyochorwa, sebule ikitazama barabara, yaani magharibi, na kioo kinachopanda hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha. Si fundi wala mimi tuliyejiuliza jua la Tabora linapita wapi.

Linapita utosini. Tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikiwa bado, na tena mwanzoni mwa Machi, jua la mchana husimama wima juu ya paa. Ukuta wa kaskazini au wa kusini unakingika kwa upenu wa futi 3. Wa mashariki na wa magharibi haukingiki hivyo, kwa sababu asubuhi na jioni jua huja limeinama na kupita chini ya upenu. Ndiyo maana nyumba ya huku ingefaa urefu wake ulale mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na magharibi kukae stoo, choo na mwembe.

Kwangu upenu hata haupo. Ule ukuta unaoficha bati umeukata, na joto linalojaa kati ya bati na dari la jipsamu halina tundu la kutokea, hivyo linatushukia sisi. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma: ukifungua kioo kimoja kinaziba nafasi ya mwenzake, upepo unapata nusu ya dirisha ulilolipia. Mvua za kwanza zilipokuja, majani ya mwembe wa jirani yaliziba mfereji uliofichwa juu, maji yakateremka ukutani ndani ya sebule.

Siombi turudi kwenye udongo na nyasi. Lakini ukiingia saa nane mchana kwenye tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale ya udongo alikokaa mmisionari na msafiri Livingstone mwaka 1872, utaelewa ukuta mnene na ua wa katikati vinafanya kazi gani. Nyumba ya kisasa inaweza kuwa na mambo hayo kwa tofali na bati letu hili hili.

Ombi langu ni dogo, Ndugu Mkurugenzi. Mtu anapoleta ramani kuomba kibali, aulizwe: kaskazini ni wapi kwenye kiwanja chako? Upenu una futi ngapi? Hewa ya darini inatokea wapi? Na wachoraji wa manispaa, wakishirikiana na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, waandae ramani tatu au nne za mfano zinazofaa Tabora, zibandikwe pale watu wanapoombea vibali. Wengi wetu tunajenga mara moja tu maishani, kwa fedha ya kudunduliza. Hata maafisa mipango miji wana nafasi yao, kwa sababu wao ndio wanaoamua mtaa mpya uelekee wapi, na nyumba hufuata mtaa.

Nyumba yangu iko tayari kutumika kama somo. Wahandisi wako waje Oktoba hii, saa kumi alasiri, wakae nusu saa kwenye chumba cha watoto mlango ukiwa umefungwa. Maji ya mtungi yatakuwepo.

Wako katika ujenzi wa mji wetu,
Mkazi wa Ipuli, Tabora