Barua ya wazi: Mvua iliyotaka kutuua hatukuiona

Kwa Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kibao kipya kwenye njia ya korongo

Juzi nilipita tena pale njia inapoanzia, nikakuta umeweka kibao cha bati, rangi haijakauka vizuri: "Ni marufuku kuingia korongoni wakati wa mvua." Nilikisoma mara mbili, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaona heri nikuandikie.

Siku ile tuliyonusurika mafuriko humo korongoni, Mkurugenzi, hapakuwa na mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Kibao hiki kingekuwapo tungekisoma, tungetazama juu, tungeona jua, na tungeingia vilevile.

Unaijua njia yenyewe. Mwanzoni inafuata mto, unaruka mawe, unavuka maji ya kifundo cha mguu, halafu inapanda na kugeuka kijia kilichochongwa ubavuni mwa jabali, chembamba kiasi kwamba mkipishana lazima mmoja abandike mgongo ukutani. Tulikuwa bado chini mtoni. Saa moja kabla tulipita penye gogo lililokwama kwenye ufa wa mwamba, juu kabisa ya vichwa vyetu, tukalipiga picha na kutaniana limefikaje kule. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu nasi tunachekelea.

Mwongozaji wetu ndiye aliyeona. Aliinama kujaza chupa, mkono ukasita. Maji yaliyokuwa yakionyesha kokoto yamekuwa ya udongo, juu yake vinaelea vijiti, majani makavu na povu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Juu. Mabegi yaacheni." Tulipokuwa tunaparamia mwamba nikasikia ngurumo nikadhani ni ya radi. Kumbe ni mawe yanagongana ndani ya maji. Tulipofika kwenye kijia, pale nilipokuwa nimeketi kufunga kamba za viatu hapakuwapo tena.

Tulikaa juu kule mpaka jioni, tumeshika ule mnyororo wa kujishikia. Viganja vilijaa kutu. Bolti iliyokuwa karibu nami ilikuwa inazunguka kwenye tundu lake kama jino bovu. Nakuomba utume fundi aikague, na za jirani zake pia, maana wapo wanaouegemea mnyororo huo kwa uzito wao wote. Lakini hilo ni la pembeni.

Nilipokuja ofisini kwako kueleza, niliambiwa pole sana, ajali haina kinga. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, na naukubali kwa mtu aliyeangukiwa na jiwe. Mafuriko ya korongo ni kitu kingine. Korongo ni mdomo wa faneli. Mvua inanyesha huko juu, kwenye eneo kubwa, juu ya mwamba mtupu au ardhi ngumu isiyonywa maji, na maji yote yanatafuta tundu moja la kutokea. Huko yalikotoka yalikuwa yametandaa, ukiyakanyaga hayafiki hata magotini. Yakibanwa kati ya kuta mbili hayana pa kwenda ila juu. Na kuyafikia makorongo huyachukua maji hayo muda. Muda huo ndio kinga yenyewe.

Agosti 12, 1997, watu 11 walikufa kwenye korongo la Antelope Canyon, Arizona, Marekani, na mvua iliyowaua ilinyesha mbali na pale waliposimama. Aprili 2012, vijana saba waliokwenda matembezi na kanisa lao walisombwa na maji ndani ya korongo la Hell's Gate, Kenya. Mwaka 2019 maji yakaua tena humo humo. Kwenye korongo la Verdon, Ufaransa, hata wingu si lazima: huko juu kuna mabwawa ya umeme, yakifunguliwa mto unapanda ghafla, na wapita njia wanaonywa hivyo.

Kwa hiyo swali la kuuliza asubuhi si kama hapa kunanyesha. Ni huko juu kukoje. Na kwenye geti lako hakuna anayeuliza. Nilimwuliza mlinzi siku ile ile, baada ya kutoka, kama kuna mtu wa upande wa juu anayewasiliana naye. Akaniambia yeye kazi yake ni kukata tiketi, kufunga njia si mamlaka yake. Sikumlaumu.

Kwenye hifadhi ya Zion, Marekani, sehemu ya mto inayoitwa Narrows hufungwa maji yakizidi futi za ujazo 150 kwa sekunde, na hufungwa pia likitoka onyo la mafuriko ya ghafla. Hakuna kubishana na mgeni aliyetoka mbali, namba imeshaamua. Sikuombi mitambo ya namna hiyo. Naomba nguzo moja yenye alama za rangi mtoni, mbali kiasi cha kutupa muda, mtu mmoja wa kuitazama, redio mbili za mawasiliano, na mlinzi wa getini aliyepewa ruhusa kwa maandishi kusema leo hapana, hata kama foleni ni ndefu na tiketi zimeshakatwa. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kupatikana kuliko nguzo.

Nasikia wengine wanakushauri uifunge njia kabisa. Usiwasikilize. Caminito del Rey, kijia cha ubavuni mwa korongo kule Hispania, kilifungwa mwaka 2000 baada ya watu kuanguka na kufa, na watu waliendelea kupenya kwa siri juu ya saruji iliyobomoka. Kilipofunguliwa upya mwaka 2015 kilikuwa na sakafu mpya ya mbao, kofia ngumu za lazima na idadi maalumu ya wageni. Njia inayopendwa haifungiki, inahamia tu usiku na kwa wasio na mwongozaji.

Wakati hayo yakisubiri bajeti, kuna jambo la ndoo moja ya rangi. Peleka mtu apige mstari kwenye mwamba pale gogo lilipokwama, watu wajue maji yalifika wapi, na achore mshale kila mahali pa kupandia kutoka mtoni. Na kile kibao kifutwe, kiandikwe hivi:

"Mvua ya mbali inaweza kukufuata humu. Maji yakibadilika rangi, acha mzigo, panda juu."

Wako,
Mmoja wa tuliokuwa kwenye mnyororo siku ile