Pikapu iliyomwachia fundi nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umekuwa ukituonesha pikapu za maonyesho zenye kamera badala ya vioo vya pembeni na skrini iliyojaa dashibodi nzima. Picha ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila mimi natengeneza bodi za magari ya mizigo hapa mtaa wa Gerezani, na katika pikapu hizo zote za miaka ya karibuni ni moja tu iliyonifanya niwaite wenzangu waje kuiangalia kwenye simu: Toyota IMV 0. Kwenu sijawahi kuiona.

Ilioneshwa Bangkok Desemba 2022, Toyota ilipokuwa ikiadhimisha miaka 60 nchini Thailand. Ukiitupia jicho utadhani imetoka kiwandani haijaisha, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mbele kebini ya kawaida. Nyuma jukwaa bapa, tupu, lenye matundu ya bolti yaliyotobolewa tayari. Utakachofunga hapo ni shauri lako: kuta za bati, sanduku la samaki wa barafu, kibanda cha chipsi. Wenye kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, wanaujua uzuri wa jukwaa bapa, ila hii ni ya ukoo wa Hilux.

Msomaji wa kawaida ataruka hayo matundu. Kwetu ndiyo habari yenyewe. Mteja akileta pikapu apate bodi ya kubebea kreti za soda, kwanza tunang'oa ile ya kiwandani, ambayo ameshailipia, kisha tunaanza kutafuta pa kushikiza mpya. Fundi anayejiheshimu hufunga kwa bolti. Mwenye haraka huchomelea moja kwa moja kwenye chasisi, na moto ule hudhoofisha chuma palepale mzigo utakapoegemea. Gari linaondoka likimeremeta. Ufa huonekana baadaye, njia za shamba zikishafanya kazi yake, na lawama anabebeshwa dereva. Matundu ya kiwandani yanamnyima fundi kisingizio.

Hata bampa ya mbele wameikata vipande vitatu: ukigonga kona, unanunua kona.

Magari mengi ya maonyesho huishia jukwaani. Hili liliingia sokoni Thailand Novemba 2023 kwa jina la Hilux Champ, sura karibu ile ile, bei ikianzia baht 459,000, yaani kama dola 13,000 wakati ule. Kuna injini za petroli za lita 2.0 na 2.7, na dizeli ya 2.4, chasisi fupi na ndefu. Usukani uko kulia, kama kwetu.

Kasoro ninayoiona ni kebini ya safu moja. Wapakiaji watakaa wapi? Sote tunajua: juu ya mzigo, wameshika kamba. Aliyewaza mpaka bampa angewaza na hao.

Basi ombi langu ni dogo. Waagizaji wetu waulizwe kama wanaweza kuuza pikapu bila bodi ya nyuma, ili mteja asilipie bati atakalolitupa. Na mpiga picha wenu akienda tena kwenye maonyesho ya magari, alale chini atupigie chasisi.

Fundi bodi,
Gerezani, Dar es Salaam